Mvua Imefika, Mwili Wangu Umegoma

Kwa Mama Eucabeth wa ukurasa wa akina mama,

Nakusalimia kwanza, halafu uniwie radhi kwa huu mwandiko, maana naandika nikiwa jikoni na mlango nimeuegeshea sufuria ili mtu akisukuma nisikie, na hii maneno nimeibeba tangu mwaka jana mpaka nimeona nikikosa mtu wa kumwambia nitapasuka, na hapa kwetu nikimwambia mmoja nimeambia Busia nzima mpaka ng'ambo ya Uganda.

Mimi ni mama wa watoto wakubwa, nimeshakuwa nyanya, na mzee wangu ana mke mmoja tu, ndiye mimi, hakuoa mwingine hata wakati ndugu zake walikuwa wanamcheka, na ukiniuliza kama nampenda nitakujibu nampenda, mpaka leo nikisikia kengele ya baiskeli yake akitoka sokoni moyo unaruka vile ulikuwa unaruka nikiwa msichana kwetu Ugenya. Jina lake nakuandikia Ogada, na mimi uniite Aluoch, na jina la kijiji tafadhali uliache.

Sasa shida yenyewe. Mwezi wangu ulikatika, inakaribia miaka miwili, na mwanzoni lilikuja joto, usiku natupa blanketi huku Ogada anatetemeka upande wake, na tulikuwa tunacheka, ananiambia yeye alioa mke na sasa amepewa jiko. Lakini baada ya joto ile hamu ya mke na mume iliondoka tu, kama mgeni asiyeaga, na tukijaribu kukutana naumia, pamekauka, panawaka kama pilipili, na mimi nilikuwa nauma meno tu nanyamaza. Siku moja sauti ilinitoka bila kupenda. Ogada aliacha hapo hapo, akatoka, nikasikia anawasha stovu, akaniletea chai ya maziwa, na tangu siku hiyo hata mkono wake haunigusi, na ule mzaha wake wote umeisha.

Nikaenda kwa shangazi yake, mama Akumu, mzee ambaye sisi wote wa hili boma tunamuuliza mambo ya ndani, na yeye akanishika mkono akaniambia nikomee hapo hapo, mwanamke ambaye mwezi umekatika hafai kulala na mume tena, kwa sababu mbegu ya mwanaume haina damu ya kuitoa, inabaki tumboni inarundikana, tumbo linavimba na mtu anakufa, na akanitajia wanawake waliovimba. Nikaogopa sana. Lakini pia nikamuuliza, sasa na kupanda je? Akasema, "Ah, ya kupanda ni lazima, hiyo haina neno."

Mama Eucabeth, pengine wewe si mtu wa huku, acha nikueleze. Sisi Wajaluo, mbegu haishuki shambani mpaka mama wa boma aanze, na mama wa boma haanzi mpaka yeye na mzee wake wamekutana kama mke na mume kuamkia siku ile, halafu ndiyo wake za vijana wanafuata, wa kwanza, wa pili, hivyo hivyo kwa zamu. Ukiruka hiyo njia wanasema umeletea watoto chira, ile laana ya kumkausha mtu mpaka anaisha. Sisi ni watu wa kanisa, Ogada mwenyewe husoma somo Jumapili, lakini hiyo ya kupanda hakuna mtu ameiacha. Na mvua imefika, Mama. Udongo umelainika, jirani zetu mahindi yameshachungulia, na kila asubuhi Jentrix, mke wa kijana wangu mkubwa, msichana mzuri wa Kisamia mwenye adabu, anakuja mlangoni na jembe lake ananisalimia, "Mama, umeamkaje? Mvua ndiyo hii, Mama." Mimi namwambia mguu unaniuma. Juzi aliniletea majani ya kukanda huo mguu, akapiga magoti akanikanda, na mimi nimekaa tu na mguu wangu mzima nikiona haya.

Dawa nimetafuta. Kwanza nilinunua mukombero kwa wale akina mama wa sokoni, ile mizizi wanaume wanatafuna, wakaniambia hata mwanamke inamwamsha, nikatafuna mpaka taya likauma, mdomo ulinukia vizuri sana lakini huko kwingine kimya. Halafu nikasikia kwamba Malaba, karibu na mahali malori yanalala, kuna bwana anauza vidonge vya magendo kutoka kwa mfuko wa mkate, vya kumrudishia mwanamke usichana. Nikamwambia Ogada naenda kumwona dada yangu, nikaenda. Alinifungia ndani ya kipande cha gazeti, akasema asubuhi kimoja, jioni kimoja, na vitaleta mwezi, na mimi moyoni nikasema hiyo ndiyo dawa yangu haswa, kwa sababu mwezi ukirudi ile mbegu itapata njia ya kutoka, nitalala na mzee wangu bila kuvimba, na tutapanda.

Na kweli damu ilikuja! Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, mama Akumu alipiga vigelegele mpaka kuku wakatoroka, na jioni nikavaa leso yangu mpya nikamwambia Ogada, mwezi umerudi, na mimi nimerudi. Lakini badala ya kufurahi aliweka kikombe chini, akanitazama, akasema, "Nyar Ugenya," maana hivyo ndivyo ananiita tangu zamani, binti wa Ugenya, "hiyo damu imetoka wapi?" Akataka kesho yake twende hospitali. Mimi nikakasirika, nikamwambia kama hunitaki sema hunitaki, usijifiche nyuma ya hospitali. Alichukua blanketi akaenda kulala sebuleni kwenye kiti kirefu, akasema kitanda kinamuumiza mgongo, na huko ndiko analala mpaka leo.

Damu bado inakuja, inakoma, inakuja. Vidonge vimekaribia kuisha na nataka kurudi Malaba nichukue vingine, nimeze viwili viwili mpaka siku ya kupanda, niwe tayari. Ndiyo nakuuliza, viwili viwili ni sawa? Na kuna dawa gani ya uhakika ya kurudisha hamu kwa mwanamke wa umri wangu, hata kama ni ya bei? Sitaki Ogada anizoee kama dada yake. Sitaki tuzeeke tukiamkiana kama majirani. Naomba unijibu mbio, wake za vijana wangu wanangoja, na mimi pia nangoja.

Ni mimi, Aluoch, mpakani, Machi 1977.

MAMA EUCABETH ANAJIBU

Aluoch, weka hivyo vidonge chini. Usimeze viwili, usimeze kimoja, usimeze hata nusu. Rudia kusoma mstari huo kabla hujaendelea, mimi nakungoja.

Haya. Nimekuwa mkunga miaka mingi kabla gazeti halijanipa kalamu, kwa hiyo sasa nakuambia kwa sauti ya wodini na utanisamehe ukali. Mwanamke ambaye amekaa mwaka mzima bila mwezi, halafu akaona damu, hata tone, hata kama alimeza kitu, anakwenda kupimwa. Hapigi magoti kushukuru, hapigiwi vigelegele. Pengine ni hivyo vidonge tu vilivyoivuta, na mara nyingi huwa ni jambo dogo. Lakini inaweza pia kuwa saratani ya tumbo la uzazi, na hiyo ikikutwa mapema ina matibabu mazuri, ikiachwa haina huruma. Hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha kwa kukisia, si mimi hapa mezani, si mama Akumu, na wala si huyo bwana wa mfuko wa mkate. Jumatatu asubuhi uwe hospitali ya serikali, na hivyo vidonge vilivyobaki uende navyo na gazeti lake, wavione. Wakikutuma Kisumu, nenda Kisumu. Aibu ya kupimwa ni ya dakika chache, na wale masista wameona wengi kuliko unavyofikiri.

Sasa tuje kwa mbegu ya mama Akumu. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Yaani hiyo mbegu siku zote inaua, lakini siku ya kupanda inakuwa na adabu? Imejuaje kwamba leo ni siku ya kupanda? Sikiliza, mama. Haikuwahi kutolewa na mwezi hata ulipokuwa kijana. Nyingi hutoka yenyewe muda mfupi baadaye, na ile kidogo inayobaki mwili unaimaliza bila kukusumbua. Wale wanawake waliovimba walikuwa na ugonjwa wao, na ilifaa wapelekwe hospitali badala ya kufanywa mfano. Mama Akumu mpe heshima yake yote, mpelekee sukari, mketi mzungumze habari za wajukuu. Lakini ya tumbo lako usimuulize tena.

Na hamu. Hapa sauti yangu inashuka, maana mimi pia nimevuka hapo ulipo. Joto lilikuwa likinikamata kanisani nikijipepea kwa bahasha ya sadaka, na mchungaji akadhani nimeguswa na mahubiri. Najua kulala vibaya, kuamka umechoka, kuona mume wako mpendwa anasogea na wewe unamwomba Mungu huyo mume apitiwe na usingizi. Hujalaaniwa, hujachakaa, na hujaacha kumpenda. Mwezi ukikatika mwili hupunguza ile homoni ya kike, na ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu. Ukikutana na mume unaumia. Ukiumia leo, kesho unaogopa, na ukiogopa, hamu itapita wapi? Unasema iliondoka bila kuaga. Mimi naona ilifukuzwa, na aliyeifukuza ni hayo maumivu uliyoyanyamazia ukiuma meno!

Kwa hiyo tunaanza na maumivu. Kuna mafuta laini ya maji maji, yale ambayo daktari hupaka glavu kabla ya kumpima mwanamke. Yanauzwa kwenye tyubu katika duka la dawa, duka lenye mlango na kibao, si mfuko wa mkate. Daktari akishakuruhusu mtayatumia, na msiyapime kwa kijiko cha chumvi, mpake ya kutosha. Mafuta ya nywele usitumie, wala yenye marashi, wala zile unga na majani ambazo wanawake hujipaka ili wakauke zaidi, Mungu wangu, ndiyo hasa tunayoyakimbia hayo. Kama hayo mafuta hayatoshi, daktari ana krimu ya homoni ya kupaka ndani, nayo huirudishia ngozi uhai wake pole pole. Lakini hiyo hutapewa kabla damu haijapata jina, na usiidai.

Vidonge vya homoni vya kweli pia vipo, na wako wanawake waliosaidika navyo, hasa kwa joto na kukosa usingizi. Lakini siku hizi madaktari wamekuwa waangalifu sana, kwa sababu imeonekana kwamba vikimezwa vyenyewe, bila homoni ya pili, kwa muda mrefu, vinaweza kuamsha ile saratani niliyokutajia. Kwa hiyo ni daktari anayekujua ndiye anayepima kama vinakufaa na kwa muda gani. Utasikia pia kuna sindano ya homoni ya kiume kwa wanawake waliopoteza hamu. Ipo. Nimewaona waliochomwa wakapata hamu, wakapata na ndevu. Na mukombero wako utafune kama unapenda ladha, ni salama kwa mdomo. Kidonge cha hamu yenyewe, cha kumeza asubuhi na jioni ikawaka kama taa, hakipo Aluoch. Kingekuwapo nisingekuwa nakodi hii nyumba.

Kilichopo ni hiki. Katika umri wetu hamu mara nyingi haiji kwanza. Mnakaa karibu, mnagusana bila haraka na bila kwenda popote, mnacheka, ndipo inakuja ikiwa inakuja, na isipokuja siku hiyo hakuna aliyekosea. Si lazima iwe usiku mkiwa hoi. Wajukuu wakiwa shuleni na wake za vijana wakiwa mtoni, kuna ubaya gani mzee akaingia ndani kupumzisha mgongo? Mwambie kwa mdomo wako panapouma na pasipouma. Mmezaa watoto pamoja, mtashindwaje kuambiana hilo?

Maana sasa nataka kukugombeza juu ya Ogada. Wewe umeandika kurasa nzima kuhusu huyu mtu na hujamwona hata kidogo. Alisikia umeumia, akaacha hapo hapo, akakupikia chai. Wanaume wangapi huko mpakani wameacha? Wangapi wameinuka kutafuta kiberiti? Ulipomwambia una damu, wewe na mama Akumu mlikuwa mnasherehekea, na yeye peke yake katika boma zima ndiye aliyeuliza swali la maana. Na wewe ukamwambia hakutaki! Huo mgongo wake hauna kitu. Amehamia sebuleni kwa sababu anaogopa kukuumiza, na hajui aseme nini, na wewe unakaa chumbani ukidhani amekuchoka. Mko wawili mnapendana kupitia ukutani. Nimekasirika nanyi, na machozi yamenitoka pia, nakuambia ukweli.

Leo jioni, usingoje kesho, nenda hapo sebuleni ukae kwenye ukingo wa hicho kiti chake. Mwambie hivi: Ogada, nakutaka, ni mwili unaoniuma, na nilinyamaza kwa sababu niliona haya. Mwambie ya Malaba. Mwambie ulikosea kumfokea juu ya hospitali. Halafu umsikilize mpaka amalize, maana wanaume wa aina hiyo huchukua muda.

Kupanda sikusahau. Mila zenu si zangu na sitazicheka, mtu huishi na watu wake. Lakini kitanda chenu kimejaa watu, Aluoch: vijana, wake zao, mama Akumu, majirani na mahindi yao, na mwenye kitanda amekosa nafasi. Watoe. Ogada awaite vijana wake aseme maneno machache tu, mama yenu ni mgonjwa, tunakwenda hospitali, mngoje. Ni baba wa boma, akisema mngoje watangoja. Yeye mwenyewe awaendee wazee awaulize mama wa boma akiwa mgonjwa inafanywaje, maana nyinyi si wa kwanza kuugua wakati wa mvua. Jibu lipo, wewe ndiye hukutaka kuuliza. Mkichelewa, mtavuna kidogo, na mtakula kidogo mkiwa mmekamilika. Na Jentrix mwondolee huo mguu. Hutamweleza kila kitu, lakini mwambie mguu ni mzima na kwamba kuna jambo lingine unakwenda kutibiwa. Msichana aliyepiga magoti kukukanda anastahili kujua unaumwa kweli.

Tena nakukataza, usiende hospitali na dada yako, wala na mama Akumu. Nenda na Ogada, akubebe kwenye hiyo baiskeli. Najua hatakubaliwa kuingia chumba cha kupimwa, lakini aende. Na ukitoka, daktari akiwa amekuambia neno jema au neno gumu, usikimbilie kuniandikia mimi, na usiangalie nani anakutazama pale uani. Geuka umtafute kwenye benchi, maana ndipo atakapokuwa, umwambie yeye kwanza. Kwa jinsi nilivyomsoma katika barua yako, huyo mtu atakuwa hajaonja hata maji tangu ulipoingia.